Roma iliogopa nini? Watu wenye kukutana pamoja

Kila siku ya Mungu, mu makanisa ya kambi zetu, tunatajaka jina la mtu mmoja mwenye hakuwa mtume wala mtakatifu: Pontio Pilato. Liko ndani ya sala ya Nasadiki, na watoto wanalijua mbele hata ya kujua kuandika vizuri. Lakini uliza watu: huyu Pilato alikuwa na kazi gani? Nani alimtuma? Juu yake kulikuwa nani, na chini yake nani? Wengi wanajibu tu: "Alikuwa mukubwa." Kisha wananyamaza.

Sisi wa sendika tuko na sababu ya kuuliza. Mu mkutano wetu wa mwisho viti vingi vilikuwa vitupu. Kijana mmoja wa timu ya usiku akasimama, akasema waziwazi: "Bayaya, kukutana kunaleta nini? Bakubwa beko na feza, beko na askari, beko na makaratasi. Sisi tunakutana, tunaongea, tunarudia kulala." Siku ile hatukumjibu vizuri. Leo tunajaribu kumjibu, na tunapita njia ndefu kidogo: njia ya inchi ya Yesu mwenyewe, wakati Roma ilikuwa inaitawala.

Mtu mmoja, mikono ya wengine

Waroma waliingia Yerusalemu mwaka 63 mbele ya Kristo, na jemadari wao Pompeius. Kwa miaka mingi hawakuweka guverneri pale. Waliacha wafalme wa inchi watawale kwa niaba yao, kama Herode. Herode alipokufa, Yudea ikapewa mtoto wake Arkelao. Huyu alitesa watu mpaka wakubwa wa Wayahudi na wa Wasamaria, wenye hawakupendana hata kidogo, walienda pamoja kumshitaki kwa kaisari Augusto. Mwaka 6 kisha Kristo, kaisari akamtoa Arkelao, akamfukuza mpaka Gaule, inchi yenye leo ni Ufaransa. Tangu hapo Yudea ikawa na mtu wa kutumwa kutoka Roma.

Pilato alikuwa mmoja wa hao watumwa wa kaisari. Alitawala kuanzia mwaka 26 mpaka 36. Mu 1961, mafundi wa mambo ya kale kutoka Italia walipata huko Kaisaria, ku pwani, jiwe lenye jina lake limechongwa pamoja na cheo chake: prefe wa Yudea. Hakuwa wa daraja la kwanza la Roma. Wale wa daraja la kwanza walipewa inchi kubwa kama Siria, na guverneri wa Siria, mwenye alikaa Antiokia, alikuwa na lejioni 4. Pilato alikuwa na askari kama 3,000 tu, na wengi wao hawakutoka Italia. Waliandikwa kazi palepale, mu miji ya Kaisaria na Sebaste.

Sasa, namna gani mtu mmoja na askari 3,000 anaweza kushika inchi nzima? Jibu, kila mtu mwenye amefanya kazi chini ya kapita analijua: anatumia mikono ya wengine. Pale Yerusalemu mkono mkubwa ulikuwa kuhani mkuu. Prefe ndiye alimweka, na ndiye alimtoa. Valerius Gratus, mwenye alitangulia Pilato, alibadilisha makuhani wakuu mmoja kisha mwengine mpaka akamweka Kayafa. Huyo Kayafa akabaki na cheo karibu miaka 18. Hata nguo takatifu za kuhani mkuu, zenye alivaa siku za sikukuu, Waroma walizifungia mu ngome yao. Ukitaka kuzivaa, uombe. Ni sawa na mkubwa mwenye anakupa biro lakini ufunguo anabaki nao mu mfuko wake.

Listi ya vichwa na ya mashamba

Kazi ya kwanza kabisa ya Roma ilikuwa kuandika. Mwaka ule wa 6, Kirenio, guverneri wa Siria, alikuja kuhesabu watu na mali ya Yudea. Juu ya nini? Juu ya kodi. Kulikuwa kodi ya udongo na kodi ya kichwa. Mtu mwenye jina lake halimo mu listi, Roma haimuoni. Mtu mwenye yumo, atalipa. Watu waliielewa maana ya ile listi palepale. Yuda wa Galilaya akainua watu, akasema kuandikwa vile ni kukubali utumwa. Mjadala ule haukuisha na yeye: miaka mingi kisha, watu bado walimuuliza Yesu kama ni sawa kumlipa kaisari au hapana.

Kisha kulikuwa ushuru wa vitu vyenye kupita njiani. Huo kwa kawaida ulitolewa kwa watu wa palepale wenye kujitolea kuukusanya. Waliahidi feza fulani kwa wakubwa, kisha wakajilipa ku migongo ya wapita njia. Zakayo wa Yeriko alikuwa mkubwa wa hawa, na Injili inasema alikuwa tajiri. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasidai zaidi ya ile yenye walipangiwa. Mtu haonyiwi vile kama haifanyiki.

Tuangalie vizuri ginsi kazi ile ilipangwa. Kaisari iko mbali, ng'ambo ya bahari, haonekani. Mwenye kuonekana ni Zakayo. Watu wanamchukia Zakayo, wanamtemea mate, na kaisari analala salama. Sisi wenye tunajua kazi ya kampuni za katikati, zile zenye kuleta wafanyakazi mu mgodi wa kampuni kubwa, hatuhitaji mwalimu wa kutueleza hii.

Na tusifikiri watu walinyamaza. Mwaka 17, Siria pamoja na Yudea walituma kuomba Roma ipunguze kodi, kwa maana mzigo umewachosha. Mwandishi wa Roma mwenyewe, Tacitus, ameliandika jambo hilo mu kitabu chake.

Siku tano mbele ya nyumba ya Pilato

Mambo mengi ya wakati ule tunayajua kwa Flavius Josephus, Myahudi mwenye alipigana na Roma, akashikwa, kisha akaandika historia chini ya ulinzi wa Waroma haohao. Anasimulia kama Pilato, alipofika tu, alituma askari waingize usiku mu Yerusalemu bendera zenye sura ya kaisari. Kwa Wayahudi sanamu ni mwiko. Asubuhi watu waliziona. Hawakuchukua mapanga. Walifunga safari mpaka Kaisaria, wengi sana, wakamwomba azitoe. Akakataa. Wakalala chini, wakazunguka nyumba yake, siku tano, mchana na usiku.

Siku ya sita Pilato akawaita mu kiwanja cha michezo, kama vile anataka kuwajibu. Mara askari wakawazunguka mistari mitatu, mapanga inje. Akasema: mkubali, ao mtakatwa. Watu wakaanguka chini wote kwa mara moja, wakafunua shingo zao. Walikuwa tayari kufa kuliko kuvunja sheria yao. Pilato alishangaa. Alitoa amri bendera zirudishwe.

Hapa kijana wetu atasema: "Sawa, walishinda." Lakini tusimdanganye. Kisha pale Pilato alichukua feza za hekalu kwa kujenga mfereji wa maji. Watu wakakutana tena, wakapiga kelele. Sasa Pilato alikuwa amejifunza. Alichanganya askari ndani ya watu, wamevaa nguo za raia, na marungu wameyaficha. Akatoa alama. Wengi walikufa kwa kupigwa, wengine kwa kukanyagwa na wenzao wenye kukimbia. Walikuwa wengi kama mara ya kwanza, na kiongozi alikuwa yuleyule. Lakini mara hii alikuwa tayari kuwapokea.

Mashamba bila mbegu

Mwaka 40 hivi, kaisari Caligula aliamuru sanamu yake isimamishwe ndani ya hekalu la Yerusalemu. Petronius, guverneri wa Siria, akashuka na jeshi kubwa. Watu wakaenda kumngoja, kwanza Ptolemai ku pwani, kisha Tiberia ku ziwa. Ilikuwa majira ya kupanda. Josephus anasema waliacha mashamba yao, wakabaki pale zaidi ya mwezi moja, bila silaha, wakisema: utuue kwanza.

Lakini neno lenye lilimgusa Petronius halikuwa machozi peke yake. Wakubwa wa ukoo wa Herode walimwendea, wakamwonyesha hesabu: mashamba hayajapandwa, mavuno hayatakuwa, kodi haitalipwa, na watu wenye njaa watakuwa wezi njiani. Guverneri anaelewa hesabu ya kodi. Petronius akawarudisha watu ku mashamba, akaandikia kaisari, akiweka maisha yake hatarini. Caligula akakasirika, akamtumia barua ya kumuamuru ajiue. Lakini mwezi wa kwanza wa mwaka 41 Caligula aliuawa huko Roma, na habari ya kifo chake ilimfikia Petronius mbele ya ile barua.

Bahati ilikuwamo, hatukatai. Lakini bila ile mashamba yenye kulala bure, barua ya Petronius haingeandikwa. Sisi tungeiita greve.

Pilato anaitwa

Na Pilato aliishia namna gani? Mwaka 36, Wasamaria wengi walikutana karibu na mlima Gerizimu. Mtu mmoja aliwaambia atawaonyesha vyombo vitakatifu vyenye Musa alivificha pale. Wengine walikuja na silaha. Pilato akafunga njia kwa farasi na askari wa miguu. Wakaua wengi, kisha akaua na wakubwa wao wenye kushikwa.

Baraza la Wasamaria likazika wafu, kisha likapeleka mashitaki. Siyo kwa Pilato. Walimpita, wakaenda kwa Vitellius, guverneri wa Siria. Wakasema: wale watu hawakuja kupigana na Roma, walikimbia mateso ya Pilato. Vitellius akatuma mtu wake ashike Yudea, na Pilato akaamriwa kwenda Roma kujieleza mbele ya kaisari. Miaka kumi ya kazi ikaisha vile. Mbele afike, kaisari Tiberio alikuwa amekwisha kufa. Mtu mwenye alinawa mikono mbele ya Yesu aliondolewa ku kazi kwa mashitaki ya watu wa vijijini, wenye waliulizana vizuri swali moja: juu yake kuko nani?

Kazi ya mawe meupe

Hekalu la Yerusalemu, lenye Herode alianza kulijenga upya, liliisha karibu mwaka 64. Josephus anasema wafanyakazi zaidi ya 18,000 walibaki bila kazi. Anaongeza kitu chenye kinatugusa: pale ku hekalu, mtu akifanya hata saa moja, alilipwa palepale. Watu wakaomba mfalme Agripa, mwenye Roma ilimpa ulinzi wa hekalu, aanzishe kujenga tena ukumbi wa mashariki ili feza ya hekalu ilipe wafanyakazi. Alikataa ile kazi, lakini akakubali mji utandikwe mawe meupe. Basi hata wakati ule watu walijua ku kampuni kuko feza, na walijua kuomba kazi badala ya kuomba sadaka.

Lakini guverneri mpya, Gessius Florus, hakuwa mtu wa kuongea naye. Mwaka 66 alichukua talanta 17 mu feza ya hekalu. Vijana wakapitisha kikapu mitaani, wakiombea "maskini Florus" makuta, kwa kumchekelea. Florus akaachilia askari mu soko la juu. Josephus anahesabu wafu 3,600 kwa siku moja, pamoja na wanawake na watoto wachanga. Kisha pale hakuna mwenye alisikiliza tena wazee. Vita ikawaka, na Wayahudi wakapigana wao kwa wao ndani ya mji wenye kuzungukwa na Waroma. Mwaka 70 Yerusalemu ilianguka na hekalu likachomwa. Ile feza yenye kila Myahudi alikuwa analipa kwa hekalu lake, drakma mbili kwa mwaka, Roma ikaamuru ilipwe kwa hekalu la Jupiter, mungu wa Waroma.

Watu 150 wa kuzima moto

Wakristo walikuwa wamekwisha kutoka Yudea na kuenea mu inchi zingine za Roma. Mojawapo ilikuwa Bithynia, upande wa kaskazini wa inchi yenye leo ni Uturuki. Karibu mwaka 110 guverneri wake alikuwa Plinius, na barua zake kwa kaisari Trajan zimebaki mpaka leo.

Moto uliunguza nyumba nyingi za mji wa Nicomedia. Watu walisimama kuangalia tu, hapakuwa pompi wala ndoo. Plinius akaomba ruhusa: tuandike mafundi 150 wawe watu wa kuzima moto, nitawachunga vizuri, hawatafanya kitu kingine. Trajan akakataa. Alisema watu wenye kukutana kwa sababu yoyote, uwape jina lolote, haitapita wakati watakuwa chama. Afazali kununua vyombo, na wenye nyumba wajizimie.

Tusome vizuri. Kaisari mwenye kutawala kutoka Uingereza mpaka Misri aliona afazali mji uungue kuliko mafundi 150 wawe na mkutano wao.

Mu barua ingine Plinius anauliza awafanye nini Wakristo. Amewahoji, hata wanawake wawili watumwa, wenye cheo mu kanisa, aliwatesa ili waseme. Alipata nini? Kama walikutana siku moja yenye kujulikana, mbele ya jua kutoka, wakamwimbia Kristo, wakaapa kutoiba na kutodanganya, kisha wakakutana tena kula chakula cha kawaida. Na kama ile ya kula pamoja waliiacha tangu Plinius alikataza vyama.

Phaino, mgodi wa shaba

Tumefika sasa ku kazi yetu. Kusini ya Bahari ya Chumvi, mu inchi ya Yordani ya leo, kuko bonde lenye Waroma waliita Phaino. Ni inchi ya shaba. Kungali taka nyeusi ya shaba yenye kuyeyushwa, chungu nzima. Mtu wa Lubumbashi mwenye anaijua terili ataitambua. Wataalamu wa siku zetu wamepima mifupa ya watu wa zamani wenye kuzikwa pale, wakakuta mingi imejaa shaba na risasi.

Mwaka 303 kaisari Diocletianus alianza kutesa Wakristo: makanisa kubomolewa, vitabu kuchomwa. Wengi walihukumiwa kwenda mu migodi. Eusebius wa Kaisaria, mwenye aliishi wakati ule palepale Palestina, ameandika mambo hayo. Anasema mwaka 308 hivi, kundi la watu 97, wanaume, wanawake na watoto, walitolewa mu migodi ya Misri, wakaletwa kwa guverneri wa Palestina. Akaamuru mshipa wa mguu wa kushoto uchomwe ili wasikimbie, na jicho la kuume litolewe. Kisha mu shaba.

Na pale Phaino, vilema wale walifanya nini? Walikutana. Walijijengea fasi za kusali. Guverneri akasikia, akaandikia kaisari. Jibu likawa kuwagawanya: wengine wakapelekwa Kipro, wengine Lebanoni, wengine wakatawanywa fasi mbalimbali za Palestina. Wazee na wagonjwa, wenye hawakuweza tena kazi, walibaki upande na askofu Silvanus wa Gaza. Kati yao kulikuwa Yohana, Mmisri kipofu, mwenye alijua Maandiko kwa kichwa. Vitabu vilichomwa, lakini yeye alisimama katikati ya wenzake akawasomea bila kitabu. Karibu mwaka 310, watu 39 wa kundi lile walikatwa vichwa siku moja, na Silvanus na Yohana wakiwa ndani.

Hawakuweza tena kuchimba, wala kukimbia, wala kupigana. Jambo moja lilibaki lenye serikali iliona ni hatari: walikuwa pamoja.

Tumjibu kijana

Kukutana siyo dawa ya kila ugonjwa. Ku Kaisaria watu walishinda, ku mfereji wa maji walikufa. Kwa Petronius walisaidiwa na bahati. Wasamaria walizika kwanza, wakasikilizwa nyuma. Na mwaka 66, wakati mkutano uligeuka vita bila umoja, mji mzima uliungua. Mwenye kukuambia sendika inashinda kila siku, anakudanganya.

Lakini, mdogo wetu, usiangalie tu feza na askari za wakubwa. Angalia kitu chenye wanaogopa. Roma ilikuwa na yote, na bado ilikataa watu 150 wa kuzima moto, ikatawanya vilema wa Phaino. Leo hatutumwi Kipro. Tunashuka mu shimo moja, tunapumua vumbi moja, lakini makaratasi yetu ni ya kampuni mbalimbali, mishahara mbalimbali, na rangi ya kasiki inatuambia nani wa kuongea naye na nani wa kuacha. Hiyo pia ni kutawanya.

Mkutano wa mwezi ujao tutauanza wakati timu ya mchana inatoka, mbele timu ya usiku ishuke, ili wote tuonane. Tutaleta listi ya kampuni zote zenye kufanya kazi mu mgodi wetu, na tutaulizana lile swali la Wasamaria. Kijana, tumekuwekea kiti.